Kura Yako Iko Wapi?

Jumapili, 3 Julai 2022

Nimetoka mkutanoni nimekasirika, na kalamu nimeishika kabla sijavua buibui.

Tuliitwa kwa ajili ya maji. Mabomba ya Mikindani, hapa Mombasa, yamekauka tangu mwezi jana, na wenye mikokoteni wanauza mtungi kwa bei wanayotaka wao. Mzee wetu alifungua kwa dua, akaamkia wazee wenziwe mmoja mmoja, kisha akaanza kueleza historia ya kiwanja tulichokalia: nani alimpa nani, na minazi ilikuwa ya nani kabla nyumba hazijajengwa. Kijana mmoja anayechomelea vyuma karibu na steji, mzaliwa wa Busia, akasimama kabla hajapewa nafasi. "Mzee, samahani. Tumekuja kwa maji. Tuandike barua leo, tutie sahihi, kesho iwe kaunti. Wakinyamaza, tufunge barabara."

Nusu ya watu walipiga makofi. Nusu nyingine waliinamisha vichwa. Bibi mmoja wa Jomvu Kuu, hata sauti hakuipandisha, akamwambia, "Mwanangu, barabara ukiifunga, jioni wewe una pa kwenda. Mimi moshi wa polisi utanikuta na wajukuu ndani."

Kijana akajibu, "Bibi, mimi sina pengine. Watoto wangu wamezaliwa hospitali ya Port Reitz hapo." Hapo mtu nyuma akapiga kelele, "Wapwani amkeni!" na mkutano ukaishia hapo. Barua haikuandikwa.

Neno hilo la kutuamsha ndilo lililonichoma. Mamangu ni Mjomvu. Wajomvu wamo katika Tisa Taifa, muungano wa Waswahili wa Mombasa, na walikuwa wakivua kwenye mkono huu wa bahari kabla ya reli na kabla ya bandari ya Kilindini. Baba watoto wangu naye ni Mkamba aliyezaliwa Changamwe. Nyumbani kwangu pande zote mbili zinakula sinia moja, kwa hivyo siwezi kuambiwa nichague. Yule mzee hakuwa anapoteza wakati. Alikuwa anasema kwamba hapa maji, ardhi na kura ni kesi moja, na kwamba sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu wa Pwani aje na ushahidi wa kudai shamba lake, na ambaye hakudai alikuta limekuwa mali ya serikali ya Mwingereza. Wajukuu wa hao ndio maskwota wa leo. Mtu mwenye historia hiyo haanzi mkutano kwa sahihi. Anaanza kwa kuuliza karatasi hii inakwenda kwa nani na itarudi na nini.

Lakini maji hatuna bado.

Jumamosi, 16 Julai

Jana Mahakama ya Upeo imetupa rufaa ya Sonko, gavana wa zamani wa Nairobi, kuhusu kung'olewa kwake, na ugavana wa Mombasa aliokuwa akiutafuta umemponyoka. Leo dukani cherehani haikupata nafasi ya kusikika. Kila aliyekuja kuchukua sare au kupunguza suruali alikuwa na lake.

Mimi sikumtaka, na sababu yangu naiandika hapa wazi: mtu aliyeondolewa ugavana na bunge la kaunti na Seneti mnamo Desemba 2020 hawezi kuletwa kwetu kana kwamba hakuna lililotokea. Ila sababu hiyo sikuisikia kwa wengi waliofurahi. Walisema ni Mkamba, wa bara, akafanye siasa zake za kugawa pesa huko kwao. Kwao ni wapi? Amezaliwa Mombasa. Watoto wangu nao ni Wakamba kwa baba. Siku mmoja wao akitaka uwakilishi wadi, ataambiwa maneno hayo hayo.

Na wala si kweli kwamba hapa mtu wa bara hachaguliwi. Mikindani ilipokuwa bado chini ya Changamwe, kabla eneo bunge la Jomvu halijakatwa, mbunge wetu alikuwa Kennedy Kiliku, Mkamba. Ndiye aliyeongoza kamati ya bunge iliyochunguza mapigano ya kikabila mwaka 1992, na ripoti ile iliwataja wakubwa wa serikali bila woga. Mbunge wa Changamwe! Vijana wa siku hizi hawalijui hilo, wa bara na wa hapa. Nyali nayo mwaka 2013 ilimchagua Hezron Awiti. Watu walipiga kura, wakarudi kazini.

Jumamosi, 30 Julai

Mama wa genge amekuja kuniaga. Anakwenda Siaya kupiga kura, mabasi yamejaa na nauli imepanda. Ameuza mboga Mikindani tangu aolewe, na mifereji ya mtaa huu anaijua kuliko mimi.

Nikamuuliza kwa nini asihamishe kura yake hapa. Akaniambia, "Dada, kura yangu iko nyumbani. Na nikifa sitazikwa Mikindani." Kisha akashusha sauti. Shemeji yake alikuwa Likoni mwaka 1997, watu wa bara walipowindwa. Tangu hapo, wakati wa uchaguzi yeye hulala akiwa amefunga mzigo. Akiwa Siaya angalau anajua anayemgongea mlango.

Sikuweza kubishana na hofu hiyo. Lakini nimekaa nayo jioni yote. Maelfu ya wanaoishi Changamwe, Jomvu na Kisauni wanampigia kura diwani wa kijiji wanachokiona Disemba tu, na anayeamua taka zao zizolewe au zisizolewe wanamwachia mtu mwingine amchague. Halafu sisi wenyeji tunawaambia wamezidi kelele, ilhali siku ya kura kelele zao ziko Siaya na Machakos.

Jumatatu, 8 Agosti

Usiku kabla ya uchaguzi, tume inatangaza kwamba ugavana wa Mombasa na Kakamega umeahirishwa, karatasi za kura zimekosewa. Mzee wetu amecheka kidogo akasema hata karatasi hazitujui.

Jumatano, 10 Agosti

Nimepiga kura jana. Foleni ilikuwa fupi mpaka ikanisikitisha. Yule kijana wa kuchomelea alikuwa mbele yangu, kajiandikisha hapa hapa. Vijana wengi wa Jomvu Kuu niliowazoea sikuwaona. Mmoja nilimkuta maskani saa nne, nikamuuliza. "Shangazi, nimpigie nani? Wakishapita hawaonekani." Kakaye ndiye aliyemlea na wimbo wa Pwani si Kenya. Mwaka 2013 Mombasa Republican Council, wenye wimbo huo, waliwataka watu wasusie uchaguzi, na wako ambao hawajarudi kwenye foleni mpaka leo.

Jumamosi, 13 Agosti

Nchi nzima inasubiri matokeo ya urais, watu wanahesabu fomu kwenye simu. Sisi tuna hesabu nyingine. Leo ni miaka 25 tangu usiku wa Likoni.

Tarehe 13 Agosti 1997 vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri, wakaua polisi sita, wakachukua bunduki. Kisha wakaingia vichochoroni kuwatafuta watu wa bara. Vipeperushi navyo viliwaambia waondoke. Zaidi ya watu 100 waliuawa siku zile na makumi ya maelfu wakakimbia. Kanisa Katoliki la Likoni lilifurika wakimbizi. Upande wetu huu wa Changamwe tulipokea watu waliovuka na mtoto mgongoni na redio mkononi, basi. Mume wangu alikaa ndani wiki nzima kwa sababu jina lake lilitosha kumuua.

Ninaloliona leo, na nalisema kwa uchungu, ni jinsi vijana wa Kidigo, wenyeji wa kule, walivyotumiwa. Dhuluma ya ardhi ilikuwa ya kweli, kazi bandarini hawakuwa wakipata, na majimbo waliyoahidiwa na KADU ya Ronald Ngala yalikuwa yamezikwa tangu 1964. Wakaja watu wa siasa wakaitia sumu dhuluma hiyo kwa faida yao: wapiga kura wa bara walionekana ni wa upinzani, wakifukuzwa hesabu inabadilika. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza ushahidi wa haya yote. Waliopoteza ni maskini wa pande mbili. Mwenye kibanda alikimbia, na kijana wa Kidigo alikamatwa, akapigwa, ardhi asipate. Shamba la Waitiki huko Likoni lilivamiwa baada ya machafuko hayo, na waliolikalia wakapewa hati Januari 2016, tena kila mmoja adaiwe shilingi 182,000 kwa ardhi anayoiona ya babu yake.

Kwa hivyo bibi wa Jomvu Kuu anaposema moshi utamkuta, na mama wa genge anapofunga mzigo, wote wawili wanazungumza juu ya usiku ule ule.

Jumanne, 30 Agosti

Kura ya ugavana imepigwa jana. Abdulswamad Nassir amempita Hassan Omar, elfu 119 kwa elfu 98 hivi. Kaunti ina wapiga kura zaidi ya laki sita na arobaini elfu. Hata ile ya urais nusu yetu hatukutokea, nchi ikiwa imefika karibu asilimia 65. Hii ya jana ilikuwa chini zaidi.

Nani aliyelala hapa? Wote.

Jumapili, 18 Septemba

Jumanne Rais mpya, akiapishwa Kasarani, aliahidi kwamba kazi ya kutoa mizigo inarudi bandari ya Mombasa. Hapa barabarani madereva wa malori walipiga honi hadi usiku. Tangu makontena yalazimishwe kupanda reli ya SGR kwenda Nairobi, gereji na mahoteli ya Miritini na Jomvu yalikuwa yanafungwa, na njaa haikuuliza dereva ni Mkikuyu na utingo wake ni Mgiriama.

Nikaitumia furaha hiyo kuwaita watu tena. Niliwakumbusha Owino Uhuru, hatua chache kutoka hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia sumu ya madini ya risasi, watoto wakaugua, na wakazi, wengi wao wa asili ya bara, walifanya yote mawili: waliandamana na waliandika, pamoja na Phyllis Omido aliyefanya kazi kiwandani humo. Kiwanda kilifungwa, na Julai 2020 mahakama Mombasa ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fedha hawajaziona, kesi imekwenda rufaa, lakini hukumu ipo kwa maandishi.

Barua ya maji sasa imeandikwa. Mzee alisema maneno ya mwanzo, historia ya ardhi ya mtaa na ya bomba, na yule kijana hakumkatiza, ingawa nilimwona akitazama saa. Madai yameandikwa na kijana: tarehe ya kurudi kwa maji, boza la kaunti mpaka wakati huo, na majibu ya maandishi. Walibishana juu ya kufunga barabara, hawakukubaliana, na sentensi hiyo imetolewa. Kijana ameondoka amenuna. Mama wa genge, aliyekwisha kurudi, ametia sahihi, akauliza ni ofisi gani wanahamisha kura.

Bibi wa Jomvu Kuu hakuja. Kesho asubuhi nakwenda kwake nimsomee barua yote, pamoja na aya ya ardhi. Akikataa kutia kidole, nitamuuliza ni neno gani anataka liongezwe, niliandike palepale.