Shajara ya Haugastøl, Norwei

Jumamosi, 15 Februari 2025

Treni imenishusha na mabegi yangu, ikaenda zake Bergen. Nyuzi 14 chini ya sifuri. Kila kitu cheupe: ardhi, ziwa, mbingu. Sijui ziwa linaishia wapi. Wenyewe wanajua.

Utabiri wa kesho: upepo 6. Sita nini? Meta kwa sekunde. Sisi Paje, Zanzibar, tunahesabu kwa noti. Zidisha mara mbili, toa punje, noti 12 hivi. Kaskazi ya asubuhi hiyo, ya kufundishia watoto. Sasa mbona usingizi hauji?

Mke wangu keshalala zamani. Yeye skii kazaliwa nazo.

Jumapili, 16 Februari

Mwalimu wangu wa kaiti ya theluji ni binti mdogo tu, lakini hana mzaha. Kauliza nimefundisha kaiti muda gani. Nikamwambia, kwa maringo kidogo. Vizuri, kasema, basi mikono yako inajua, leo tushughulike na miguu. Akanivisha skii, kaiti ikabaki ndani ya begi! Asubuhi nzima napanda kilima, nateremka, naanguka. Vitoto vinanipita huku vinaimba.

Nikaomba ubao. Nimezoea ubao. Hapana, skii kwanza. Kila mguu una yake, unaweza kutembea, kusimama ukapanga kamba, kugeuka ukarudi ulikotoka. Ubao umekufunga miguu yote miwili. Upepo ukikatika katikati ya ziwa, utarudi vipi? Sikupenda kusikia. Lakini kasema kweli.

Jioni: mapaja. Jamani, mapaja.

Jumatatu, 17 Februari

Upepo hakuna. Moshi wa nyumba ya jirani umesimama wima.

Basi tumeshinda ndani na vifaa. Kaiti ya hapa haina mirija ya kujazwa kwa pampu. Ni ya vifuko, na upepo wenyewe unaingia kwa matundu ya mbele na kuijaza. Pampu kwenye baridi hii, vidole vingekufa. Tena hii inakunjwa ikaingia begini, unapanda nayo mlimani. Baharini ingekunywa maji, ukaivuta pwani kama maiti. Hapa maji yameganda, hainywi kitu. Kuilaza chini: ukingo wa nyuma unaufukia kwa theluji. Kule tunatumia mchanga. Angalau hilo nalijua.

Mama kapiga. Shikamoo, marahaba, halafu: "Mwanangu, huko kwenye barafu unatafuta nini?" Nikasema upepo. "Kwani huku umekwisha?" Eti kaskazi ni kali na wageni wetu wanaendelea kupita juu ya mwani wake maji yakipwa. Kanituma niwaambie wasimamizi wa pwani. Kutoka Norwei!

Jumanne, 18 Februari

Leo ndiyo leo!

Kaiti ya meta 6 za mraba. Kwa upepo huu Paje ningechukua 10 bila kuwaza. Hapa 6 inatosha na kubaki, kwa sababu theluji haikushiki. Maji yanakushika, mpaka kaiti ikunyanyue ndipo uende. Skii zimeshaondoka kabla hujaamua. Niliiteremsha kaiti kutoka utosini, kidogo tu upande wa kulia, nikasikia skii zinakwaruza na ziwa linapita. Nikacheka peke yangu. Mikono ilikumbuka kila kitu.

Tatizo ni kusimama. Kule kaiti ikiishiwa nguvu unazama taratibu, bahari inakupokea. Hapa kaiti imeishiwa na wewe bado unateleza kuifuata, kamba zinalegea, kaiti inakunjamana, halafu inajaza tena kwa ghafla. Dawa yake kingo za skii. Kunja magoti kidogo, egemea nyuma, geuza skii zikabili upepo. Mwalimu sauti imemkauka kwa kunipigia kelele.

Nikaangukia matuta yale magumu yanayochongwa na upepo. Kofia ngumu ikalia ko! Paje wangapi wanaivaa?

Alhamisi, 20 Februari

Upepo wa huku hauna adabu. Kwetu unatoka bahari wazi, umenyooka. Huku umepita milima, umekatika vipande. Nyuma ya kilima unapotea, ukitokeza unakuvuta bega.

Vya kukaa navyo mbali, nisije nikasahau: nguzo za umeme, uzio, mawe yanayochungulia, reli. Mto unapoingia ziwani, barafu hapo ni nyembamba. Na maziwa yanayotolewa maji ya kuzalishia umeme: maji yakishuka, barafu ya kandokando inabaki haina kitu chini, inapasuka. Hilo limenitisha kuliko yote. Kuzama mimi, kwenye mlima!

Mazoezi ya kuachia kaiti, macho yamefumbwa, glovu nene. Sukuma. Rudisha. Sukuma. Mpaka nikachoka.

Ijumaa, 21 Februari

Tumetoka, tumerudi. Mawingu yamekutana na theluji, kivuli hakuna, sikujua napanda au nashuka. Nilidhani nimesimama kumbe naenda. Kichefuchefu cha baharini, nchi kavu! Mwalimu kaangalia mara moja tu: basi, nyumbani. Kurudi nyuma si aibu, wameliweka kabisa kwenye kanuni zao za mlimani. Manahodha wa kwetu wasingebishana naye.

Nimeswali Adhuhuri chumbani. Msikiti uko mbali.

Mke wangu kanisimulia habari za Nansen, mvumbuzi wao wa zamani. Mwaka 1888 alivuka Greenland na wenzake, na walipopata upepo wakafunga sleji pamoja, wakatandaza sakafu ya hema kuwa tanga. Watu wa mashua hao, mbona hawakuniambia mapema?

Jumapili, 23 Februari

Nimepanda mlima kwa upepo. Naandika tena: nimepanda mlima kwa upepo! Upepo 8, jua, kaiti ile ile ya 6. Nikakata kushoto, nikakata kulia, na kila nikigeuka nyumba zimezidi kuwa ndogo. Bahari haijawahi kunipa hili. Bahari ni tambarare, unaishia usawa ule ule ulioanzia.

Juu nikailaza kaiti, nikaifukia, nikala mkate na ile jibini yao ya kahawia. Tamu ajabu. Simu imezimika kwa baridi, picha hakuna. Mama hataamini.

Kesho wenzetu wanakwenda Dyranut. Nikamtazama mwalimu. Bado, kasema. Uwanda mkubwa, pa kujificha hakuna, nijifunze kwanza kusimama ninapotaka. Nirudi Aprili, siku ndefu, baridi imepungua. Machi ni mfungo, kwa hiyo Aprili inanifaa. Kofia ngumu nanunua yangu, na ubao sitauulizia mpaka mwakani.