Klasta ya Kuvunjia Milango

Mwaka 2018, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi Dar es Salaam, neno "kujaribu" lilikuwa na maana moja tu: unafanya kwenye mfumo wenyewe, jioni, wateja wakishapungua, halafu unasubiri simu. Tulikuwa mafundi watatu na klasta moja ya Kubernetes, yaani kundi la seva zinazosimamiwa pamoja, na wote watatu tulitumia ufunguo mmoja, cluster-admin, unaofungua kila mlango. Hatukuona tatizo. Nyumba yetu, funguo zetu.

Jina Kubernetes ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Google waliutoa mradi huo hadharani mwaka 2014, na kazi yake ni kusimamia makontena: lipi likae kwenye seva ipi, lipi likifa lifufuliwe. Suala la nani aruhusiwe kufanya nini lilikomaa baadaye. Utaratibu wa kugawa ruhusa kwa majukumu, RBAC, ulitangazwa kuwa imara kwenye toleo la 1.8, Septemba 2017. Njia ya zamani ilikuwa faili la ruhusa ambalo ukigusa mstari mmoja lazima uiwashe upya seva ya API. Kwa hiyo tulipoanza kuzishika sheria hizo zilikuwa changa, nasi tulikuwa wachanga zaidi.

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, niliona ruhusa niliyodhani haina kazi, nikaifuta. Akaunti iliyoishikilia haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya programu iliyosoma mipangilio yake kila inapoamka. Ikaendelea kufanya kazi kama kawaida, hadi usiku kontena lake lilipohamishiwa seva nyingine, likataka kuamka, likakataliwa. Saa tatu simu ikalia: "Kaka, risiti hazitoki." Nikapanda bodaboda kurudi ofisini. Bosi hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu, "Hivi huna mahali pengine pa kujaribia?"

Sikuwa napo. Nikaanza na Minikube, programu ya kuwashia klasta ndogo kwenye kompyuta moja, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4. Mashine bandia ya VirtualBox ilimeza GB 2 peke yake, feni ikalia kama mashine ya kusaga mahindi. Imeji za makontena nilizipakua kwa bando la usiku, nikiamka saa nane kuangalia zimefika wapi. Kuiwasha klasta ile ilikuwa shughuli, kwa hiyo ikishawaka nilikuwa naibembeleza. Nilikuwa nimehamishia chumbani kwangu woga uleule wa ofisini, maana kitu unachoogopa kukiharibu huwezi kukijaribia jambo la maana.

Kilichoniondolea woga ni kind, programu inayoigeuza kila seva ya klasta kuwa kontena la Docker. Unaandika kind create cluster, na chai haijapoa klasta ipo. Unaandika kind delete cluster, haipo. Hapakuwa tena na cha kuonea huruma.

Hata hivyo miezi ya mwanzo nilijidanganya. Klasta ya namna hii hukukabidhi ufunguo mkuu bila hata kuuomba. Nikaandika sheria, nikajaribu, kila kitu kikapita. Kingeachaje kupita, na mwenye nyumba ndiye anayejaribu milango yake? Ilibidi nijifunze kuvaa kofia ya mtu mwingine:

kubectl auth can-i delete pods --as=system:serviceaccount:malipo:mkaguzi -n malipo

Jibu ni neno moja, yes au no. Nilipoiona no ya kwanza nilipiga meza kwa furaha, mke wangu akauliza kumetokea nini. Nikamwambia nimekataliwa.

Akaunti hiyo ya mkaguzi ndiyo iliyonifumbua macho. Nilitakiwa kumwezesha aone majina ya siri zilizohifadhiwa, yaani nywila na funguo za mifumo, bila kuona yaliyomo. Nikampa ruhusa ya list, nikamnyima get. Kwenye karatasi ilipendeza. Nikauliza kwa can-i: list, yes, get, no. Sawasawa kabisa. Nikajifanya mkaguzi, nikaomba siri moja kwa jina lake: Forbidden. Safi. Halafu, kwa uchokozi tu, nikaandika kubectl get secrets -o yaml kwa kofia ileile. Siri zote zikamwagika kwenye skrini pamoja na yaliyomo, kwa maandishi ya base64, ambayo si kufuli; ni sawa na kuandika neno kinyumenyume. Kumbe anayeruhusiwa kuorodhesha hupewa vitu vizima, na majina ni sehemu tu ya anachopewa. Nilikuwa nimemnyima mlango wa mbele nikamwachia ukuta mzima wazi. Na can-i haikuwa imedanganya: ilijibu nilichouliza. Ndipo nilipoacha kuuliza tu, nikaanza kuiba. Kwenye mfumo wa wateja nisingethubutu.

Sheria za mtandao nazo zilinichezea. Klasta huipokea sheria, hujibu kuwa imeundwa, lakini kama programu ya mtandao iliyopo haijui kuitekeleza, hakuna kinachozuiwa. Mtandao uliokuja na kind wakati ule ulikuwa hivyo. Ilibidi niuzime na kuweka Calico, inayojua kuzitekeleza. Agosti 2022, toleo la 1.25 lilipoiondoa PodSecurityPolicy, iliyokuwa ikitukinga na makontena yanayojipa mamlaka makubwa juu ya seva, sikukimbia na bodaboda. Nilikuwa nimeshaliwasha toleo hilo mezani kwangu na kuona kinga ipi imeanguka.

Faili la maswali nililolianza usiku wa mkaguzi bado ninalo. Sheria ikibadilika, klasta inazaliwa, maswali yanaulizwa, wizi unajaribiwa, klasta inafutwa. Maswali yanayotakiwa kujibiwa no sasa ni mara tatu ya yale ya yes.