Magunia Yaliyoruka Bila Mwavuli

Turkana haina klabu ya kuruka kwa mwavuli. Mkenya mwenye pesa na moyo wa kujitupa kutoka kwenye ndege huenda Diani, akashukia mchanga wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka kumi ndege zilikuwa zikipaa kutoka huku kwetu, zikavuka mpaka, zikafungua mlango wa mkia na kumwaga shehena yake juu ya Sudan Kusini. Walioruka hawakuwa watu. Yalikuwa magunia ya mahindi na mtama, na hayakuvaa mwavuli. Sisi wenye umri wa kuikumbuka Lokichoggio ya miaka ya tisini tumezoea kuisimulia habari hiyo kama wazee wa mchezo wanavyosimulia siku zao za mwanzo: ndege gani, rubani yupi, kishindo gani. Nadhani tumeisimulia kwa upande usio wake. Katika kila mruko swali la kwanza ni nani anayeishika kamba ya kufungulia mwavuli. Kwa kipimo hicho, mambo yaliyobadilika kati ya Lodwar, Kakuma na mpaka tangu 1989 ni machache kuliko tunavyopenda kujisifu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana unafundisha. Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka kwa mwavuli juu ya Paris mwaka 1797, akining'inia ndani ya kikapu, na kwa zaidi ya karne moja baada yake warukaji wengi waliachia mwavuli ufunguliwe na chombo: kamba ilifungwa kwenye puto au ndege, ikaukunjua mwavuli mtu alipoanguka. Wengi katika urubani waliamini kwamba anayeanguka bila kufungwa popote atazimia, au mikono itakataa kumtii. Tarehe 28 Aprili 1919, huko Dayton, Ohio, Leslie Irvin aliruka na mwavuli mgongoni, akaanguka huru, akavuta kamba kwa mkono wake mwenyewe. Alivunjika kifundo cha mguu alipotua, lakini hoja ilikuwa imekwisha: anayeanguka anaweza kuamua. Miaka ya sitini Domina Jalbert akabuni mwavuli wa mstatili unaojazwa na upepo kama bawa, na mrukaji aliyekuwa akitua popote hewa ilipompeleka akaanza kuchagua pa kutua. Ukiondoa rekodi za urefu na picha za magazetini, historia ya mchezo huu ni uamuzi unaohama, hatua kwa hatua, kutoka kwenye ndege kwenda kwa anayeanguka.

Sasa tuje Loki, kama Lokichoggio inavyoitwa na kila mtu. Operesheni Lifeline Sudan (OLS) ilianza Aprili 1989, baada ya njaa ya mwaka uliotangulia kuua watu wanaokadiriwa kufika 250,000 kusini mwa Sudan. Umoja wa Mataifa ulipatana na serikali ya Khartoum na wapiganaji wa SPLA kwamba misaada ipite pande zote mbili, na kijiji hicho, kilicho kilomita 30 hivi kutoka mpakani, kikageuzwa kituo cha ndege. Ndege moja ya mizigo aina ya Hercules ilipaa na tani 16 hivi, yaani magunia 320 ya kilo 50. Ikifika juu ya uwanja wa kudondoshea ilishuka hadi mita 200 au 300, ikainua pua, na magunia yakateleza nje kwa uzito wake. Mwavuli haukutumika kwa sababu unapeperushwa na upepo, una bei, na ukishatua haurudi Loki. Nafaka kavu haina mfupa wa kuvunjika. Ilitosha kuifunga gunia ndani ya gunia, moja likipasuka la pili lizuie. Kwa hesabu ya darasani, ukiacha upinzani wa hewa, kitu kinachoanguka mita 200 hufika chini baada ya sekunde sita na nukta kadhaa, kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa. Ni karibu sawa na mwendo wa mrukaji aliyelala kifudifudi hewani kabla hajafungua. Kwa maneno mengine, gunia liligonga ardhi katika hali ambayo binadamu bado anatazama kipimo cha mwinuko mkononi. Ndiyo maana ilikuwa lazima pawe na watu chini: wenye redio ya kuzungumza na rubani, alama nyeupe iliyotandazwa ardhini, na sauti ya kuwaondoa watoto na ng'ombe. Gunia la kilo 50 lililokosea njia halitofautishi mwenye njaa na aliyeshiba.

Na gunia hilo halikuanzia angani. Lilishuka melini Mombasa, likapanda lori, likasafiri zaidi ya kilomita 1,300 kupitia Kitale, Lodwar na Kakuma kabla ya kuonja hewa. Lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway, na Kenya ilipovunja uhusiano na Norway Oktoba 1990, barabara hiyo ikabaki yatima. Anayekumbuka mashimo yake hahitaji kuelezwa. Lori moja na tela lake lilibeba shehena inayokaribia ya Hercules mbili, na kila tani iliyobebwa na ndege iligharimu mara kadhaa zaidi ya ile ya lori. Kwa hiyo ndege haikuishinda barabara. Iliimalizia tu pale ilipokatika. Kakuma ni ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili kuliko Loki. Mwaka 1992 maelfu ya wavulana waliokuwa wametoka kambi za Ethiopia baada ya Mengistu kuanguka walivuka mpaka kupitia Lokichoggio, wakapelekwa kusini hadi kando ya mto Tarach, na kambi ikazaliwa. Mvulana aliyefika Kakuma alikula kwa barabara. Ndugu yake aliyebaki Bahr el Ghazal, kusini mwa Sudan, alingojea anga. Nafaka ilikuwa ile ile, na katika wao wawili hakuna aliyeulizwa ije lini, kiasi gani, au kama angependelea mbegu.

Wapo watakaosema kwamba anga, tofauti na barabara, haina kizuizi wala mlungula, na kwamba hapo ndipo ubora wa ndege ulipokuwa. Mwaka 1998 unaijibu hoja hii. Mwishoni mwa Januari kamanda Kerubino Kuanyin Bol, aliyekuwa upande wa serikali, aligeuka na kuushambulia mji wa Wau. Februari Khartoum ikapiga marufuku ndege za misaada kuingia Bahr el Ghazal, ulipo mji huo. Ndege zilikuwepo, marubani walikuwepo, mahindi yalikuwa yamerundikwa Loki, na karatasi moja iliyotiwa saini mjini Khartoum ikazizuia ndege zaidi ya mto uliofurika. Marufuku ilipolegezwa viwanja vichache vilifunguliwa, watu wakasongamana kuvifuata, na vijiji kama Ajiep vikawa makaburi. Baadaye mwaka huo udondoshaji uliongezwa hadi ukawa miongoni mwa operesheni kubwa zaidi za aina hiyo zilizowahi kufanywa duniani, lakini ulikuwa ukiikimbiza njaa iliyokwisha kukomaa. Milima ya Nuba iliachwa nje ya mpango wa OLS kwa miaka, si kwa kuwa ndege hazifiki, bali kwa kuwa hapakuwa na ruhusa. Anga ilikuwa na geti, na bawabu wake hakuonekana kutoka chini.

Hoja nzito zaidi ni ya uhai: bila ndege hizo wangekufa wengi zaidi. Ni kweli, na sina haja ya kuipunguza. Lakini anayeitumia kufunga mjadala anaruka jambo moja. Agosti 1998 OLS na SPLM, chama cha kisiasa cha SPLA, waliunda kikosi cha pamoja kuchunguza kwa nini chakula kinadondoka na bado wanyonge wanakufa. Sehemu ilikuwa ikichukuliwa na askari kama tayeen, yaani mchango wa kuwalisha. Sehemu nyingine ilikusanywa upya na machifu baada ya mgao, ikagawanywa kwa koo na jamaa kwa kadiri ya desturi, na wageni waliokimbilia pale bila ndugu ndio walioambulia patupu. Wafanyakazi wa misaada waliuona mgao huo wa pili kama wizi. Mimi nauona kama mikono inayotafuta kamba. Jamii ilikuwa na utaratibu wake wa kugawana shida, wenye haki zake na upofu wake. Mpango uliotoka juu ulikuwa na orodha tu. Kama machifu wangeketi na wenye redio kabla ya gunia kuanguka, pengo la wasio na jamaa lingeonekana mapema. Kusema hivyo si kudharau ndege. Ni kusema kwamba yule aliyekuwa chini hakuwa mzigo wa pili.

Amani ya Sudan ilipotiwa saini Januari 2005, Loki ilianza kukauka. Mashirika yalihamia Juba; hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Lopiding, iliyofunguliwa 1987 kuwatibu majeruhi wa vita, ikakabidhiwa Wizara ya Afya ya Kenya mwaka 2006. Watu wa Loki wana haki ya kulalamika, kwa kuwa uwanja uliwapa kazi ya kupakia na kulinda, kisha ukaondoka bila kuaga. Lakini lalamiko hilo lenyewe linathibitisha ninachosema: mji ulioishi kwa kamba iliyo mkononi mwa mwingine hushuka siku mwenye kamba anapochoka. (Na Waturkana wenyewe, ambao ukame uliwaulia mifugo huku magunia yakipita juu ya vichwa vyao, walikuwa na maneno makali zaidi ambayo hayakuandikwa kwenye ripoti nyingi.)

Kisha zikaja fedha, na baada yake simu. Kuanzia 2009 mpango wa serikali wa kinga dhidi ya njaa, HSNP, ulianza kulipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera shilingi 2,150 kila baada ya miezi miwili, fedha taslimu badala ya gunia. Mwaka 2015 Kakuma ikaanza Bamba Chakula: sehemu ya mgao ikaingia kwenye laini ya simu, mkimbizi akaenda kwa mwenye duka aliyesajiliwa, akachagua mwenyewe unga, maharagwe au mafuta. Makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, yalipofunguliwa mwaka uliofuata, mpango huo ulikuwa sehemu ya msingi wao. Wanaoitetea njia hii husema kwamba hapa kamba imehama kweli. Huyu sasa ni Irvin, anavuta mwenyewe. Nusu nakubali. Utafiti wa mwaka 2018 wa IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, ulikadiria soko la Kakuma kuwa la shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, lenye maduka na biashara zaidi ya 2,000. Watu tuliodhani wanangoja gunia walikuwa wakiuza mkate, wakichaji simu, wakinyoa, wakikopeshana. Uamuzi wa nini kiingie chunguni umerudi jikoni, na hilo si dogo.

Lakini uamuzi wa kama kutakuwa na kitu chunguni haujarudi. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa Kakuma ulikatwa, na watu wakaandamana. Hapakuwa na Kerubino wala marufuku ya ndege. Bajeti zilipunguzwa mbali sana na Tarach, na hakuna tofauti kubwa kati ya gunia lisilodondoka na ujumbe usioingia. Mwenye laini ya simu anachagua unga, ila hana njia ya kumuuliza aliyepunguza. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inazungumzia kuwaingiza katika uchumi wa nchi. Hadi mkimbizi awe huru kutoka kambini kutafuta kazi Lodwar au Kitale, mwavuli wake bado umefungwa kwenye ndege, hata kama kamba imepakwa rangi ya simu.

Utasema naidai misaada kitu ambacho hakuna msaada unaoweza kukitoa: anayepewa hawezi kuwa sawa na anayetoa. Labda. Ila kuna daraja kati ya hapo na usawa. Kutangaza mgao wa miezi sita ijayo na kuushikilia ni daraja moja. Kumpa mkimbizi kibali cha kusafiri ni jingine. Kuwashirikisha wazee wa Kakuma, wenyeji na wageni, katika orodha ya nani atangulie ni la tatu. Hakuna hata moja linalohitaji Hercules.

Sudan Kusini bado hudondoshewa magunia, lakini ndege hupaa kwingine. Barabara ya Lodwar imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na malori ya wafanyabiashara wanaokwenda Kapoeta hupita Kakuma na Loki bila kusimama uwanjani, yakielekea mpakani Nadapal. Nafaka iliyomo imefungwa katika gunia moja tu.