Jibu la Daktari

Katika habari za London ya zamani nimesoma kesi moja iliyonikaa moyoni siku nyingi. Mwaka 1602 palikuwa na binti wa mwenye duka, jina lake Mary Glover, umri wake miaka 14. Alikosana na kikongwe mmoja mtumishi, Elizabeth Jackson, na yule bibi akamwapiza. Haukupita muda Mary akawa hawezi kumeza, mwili ukikakamaa, na kila bibi yule alipoletwa mbele yake alianguka. Watu wakasema karogwa.

Wakubwa wa mji wakamchoma mkono kwa karatasi iwakayo moto, wapate kujua kama anajisingizia. Hakushtuka. (Mtoto mgonjwa hupimwa hivyo?)

Kesi iliposikizwa, daktari Edward Jorden alisema kwamba huu ni ugonjwa wa mwili, si uchawi. Jaji Edmund Anderson akamwuliza: Waweza kuuponya? Daktari hakuthubutu kuahidi. Je, binti anajisingizia? La, hadhani hivyo. Basi, akasema jaji, si ugonjwa wa kawaida!

Hapo nilifunga kitabu. Mwenye pumu huenda kwa daktari mwaka hata mwaka, asipone kabisa. Je, kwa hiyo jirani yake afungwe? Daktari alisema kweli, na kweli ile ile ikamwangamiza aliyetaka kumwokoa.

Bibi Jackson alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na kusimama hadharani shingo yake ikibanwa katika ubao. Kitabu cha Jorden cha kueleza ugonjwa ule kilitoka mwaka 1603, bibi amekwisha kutiwa hatiani.