Chapo Zimenikataa, Ugali Haujanikataa

Wasee, tuelewane mapema: mimi siko dayati. Sijaacha chapo ndio kiuno kipungue, na sijaiga mtu TikTok. Nina ugonjwa wa siliaki. Gluteni ni ile protini ya ngano, shayiri na nafaka ya rai, ile inafanya unga uvutike. Ikiingia kwangu, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utumbo wangu mwenyewe. Miaka miwili nilitibiwa taifodi, amiba, kisha vidonda vya tumbo, kabla daktari mmoja afikirie kupima damu.

Na kabla hujatupa mkate wako: kama unashuku gluteni, usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutoa ukiwa bado unaila. Ukiacha kwa miezi kadhaa, majibu yanaweza kurudi safi na ugonjwa uko palepale.

Watu wakisikia hivyo wananihurumia kama nimehukumiwa kula nyasi. Halafu wananitumia picha ya ule mkate wa supamaketi ulioandikwa hauna gluteni, mdogo, bei kali, na ukiushika unabomoka. Mimi huupita tu. Ugali hauna gluteni. Githeri haina. Wali, nduma, mihogo, matoke, mukimo, ndengu, omena, sukuma, hakuna. Uji wa wimbi ni sawa, mradi mashine haikusaga ngano kwanza. Chai ya maziwa, mala, madafu, juisi ya miwa, twende kazi. Kwetu bara, ngano ndio mgeni. Mashamba makubwa ya ngano kule Njoro yalianzishwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Nyanya ya shosho yangu hakujua chapo ni nini, na alilima.

Chenye hunisumbua ni ngano inayojificha. Sosi ya soya nyingi hutengenezwa na ngano. Soseji na smokie, soma pakiti. Chipsi ni viazi, sawa, lakini uliza kama mafuta ndio yaleyale ya mandazi na sambusa. Bia nyingi ni kimea cha shayiri, na vile vinywaji vya kimea vya kukoroga kwa maziwa pia. Injera ya tefu tupu iko fiti, ila wengi huchanganya na unga mwingine, kwa hivyo uliza bila aibu.

Hayo yote unazoea. Watu ndio kazi. Kwetu chapo si chakula tu, ni Krismasi, ni wageni wamefika, ni mtu ameamka saa kumi na moja kukanda unga kwa sababu anakupenda. Ukikataa, unaonekana umejivuna. Anti yangu ananiangalia machoni: "Kula hata nusu, mtoto wangu." Nusu ndio hiyohiyo ya kuniangusha siku tatu, na kuharibu utumbo hata siku ambayo sihisi kitu. Nimejaribu kumweleza kuhusu kingamwili. Wapi! Kilichofanya kazi ni mathe kumwambia, "Huyu alikatazwa na daktari." Basi, kimya.

Siku hizi mathe hunichemshia nduma alfajiri, kabla unga wa ngano haujafunguliwa, maana ukipeperuka unatua kila mahali. Anazifunika kwa sufuria yangu peke yangu. Shida ni binamu zangu, wenye chapo zao kumi kumi, wamegundua nduma ni tamu na chai. Desemba nilipata mbili.