Nimefika Mtae kwa Basi

Shoga yangu,

Nakuandikia nikiwa Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na ukitazama chini unaona nyika za Mkomazi zimetandazwa kama mkeka hadi milima ya Upare. Baridi ya Julai huku ni kali. Nimejifunga khanga mbili juu ya sweta. Uliniuliza kama nilimaliza mbio zangu za siku mbili kutoka Lushoto. Sikumaliza. Nimefika kwa basi, na nataka nikueleze kwa nini, maana umeniambia unajiandaa kukimbia Moshi ilhali ndiyo kwanza umeinuka kitandani kwa taifodi, na zamu za usiku hujaziacha.

Unajua mwaka wangu ulivyokuwa. Mama alipata kiharusi mwezi wa Machi, upande wa kulia wote ukalala. Tangu hapo nalala kwenye godoro kando ya kitanda chake, na kila baada ya saa mbili naamka kumgeuza asipate vidonda. Mbio ndicho kitu pekee kilichobaki kuwa changu: saa kumi na moja alfajiri mdogo wangu ananipokea, mimi natoka na viatu. Juni, masika ikiwa imeacha madimbwi kila kona ya Tanga, malaria ikaniangusha. Nikameza dawa ya mseto, vidonge 24 kwa siku tatu, homa ikakatika, nikajihesabu mzima.

Hapo ndipo nilipokosea. Vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na chembe hizo ndizo zinazopeleka oksijeni kwenye misuli. Homa inaweza kuondoka leo, damu ikachukua wiki kadhaa kurudi. Nilipopima wingi wa damu wiki moja baada ya dawa nilikuwa na 9.8, na sisi wanawake tunatakiwa tuwe na 12 kwenda juu. Nikala maini, dagaa na mchicha, nikameza vidonge vya kuongeza damu. Wiki tatu baadaye nikafika 11.2. Nikajiambia inatosha, nauli nimeshaweka akiba, na nikiacha mwaka huu sijui mwakani Mama atakuwaje.

Basi nikaenda. Ukishuka Mombo, barabara inapanda ikijikunja kando ya korongo hadi Soni kwenye maporomoko, halafu Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari. Mtu wa pwani akifika pale, hata akiwa mzima, pumzi inamwambia kuwa amehama. Wageni huitembea njia ya Lushoto hadi Mtae kwa siku tatu au nne. Mimi nilipanga mbili: ya kwanza nipite msitu wa Magamba na Lukozi nilale Rangwi, ya pili nimalizie.

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Ah, shoga yangu, Magamba! Ukungu umeshuka hadi kwenye mizizi, majani yanadondosha maji ingawa mvua hainyeshi, na juu mbega wanaruka na ile mikia yao yenye ncha nyeupe, hawana haraka na mtu. Kina mama walikuwa wanateremka na matenga ya kabichi na karoti kichwani, shingo zimenyooka, wanazungumza kama wamekaa barazani. Walinipisha na kunipa pole. Kwa nusu saa nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Machi.

Kisha mlima ukakaza. Nikatazama saa ya mkononi: mapigo 178, kwa mwendo ambao siku zote unanipa 150. Nikasimama. Dakika tano nzima nimesimama, bado 140. Nikakaa juu ya gogo, na badala ya kuwaza miguu nikajikuta nalia kwa ajili ya Mama, kwa sauti, msituni. Nadhani nilikuwa sijalia tangu alipoanguka.

Nilipotulia nikaelewa jambo ambalo miaka yote ya kukimbia sikulielewa. Nilikuwa napanga mazoezi kwa kuhesabu kilomita peke yake. Usiku wa kuamka mara nne sikuuhesabu. Hofu ya simu ya usiku sikuihesabu, wala damu iliyopungua. Mwili wenyewe ulikuwa unahesabu vyote kwa pamoja, na asubuhi ile ulinionyesha jumla. Kwa hiyo nikatembea.

Lukozi, penye soko la mboga, nilikutana na kijana mkimbiaji. Aliponiona nimeishiwa akanitolea diklofenaki, akasema yeye humeza mbili kabla ya kila mlima. Nilikataa, nikamsihi naye aache. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mtu anayetoka jasho saa nyingi figo zake tayari zinapata damu kidogo. Zaidi ya hayo, maumivu ndiyo yanayokueleza pa kusimama. Kwenye mbio nyingi nawaona wenzetu wakigawiana vidonge hivi kama karanga, na inaniuma sana.

Rangwi niliingia jua linazama. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga mbuzi akaniamkia kwa Kisambaa, “Onga mshi,” akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Lushoto kwa miguu, akamwita mjukuu wake aniletee uji. Nililala kwa muda wa saa tisa bila kuamka, mara ya kwanza baada ya miezi minne.

Asubuhi kabla ya kuinuka nikapima mapigo: 74. Nikiwa mzima huwa 56. Nikampigia mdogo wangu, akasema Mama amelala vizuri na ameuliza nitarudi lini. Sikuhitaji ushauri mwingine. Nikachukua bodaboda hadi barabara kuu, nikapanda basi la Mtae pamoja na magunia ya viazi, na sasa nipo hapa natazama Mkomazi.

Wewe je? Taifodi nayo huacha mwili mtupu, na kulala mchana baada ya zamu hakulingani na kulala usiku. Nakuomba, usianze na mazoezi marefu. Kapime damu kwanza. Kila asubuhi kabla hujashuka kitandani hesabu mapigo dakika nzima na uandike, pamoja na saa ulizolala. Namba ikipanda siku mbili mfululizo, siku ya tatu tembea tu. Ukisikia homa hata kidogo, usikimbie kabisa; homa na mbio pamoja vinaweza kuudhuru moyo wenyewe.

Kesho alfajiri nashuka na basi kwenda Tanga. Niandikie namba zako kabla ya Ijumaa.