Picha Ina Mwenyewe

Kwetu Mkokotoni, ukitaka kujua siku imeamkaje nenda dikoni. Vyombo hurudi asubuhi, vingine vikitoka Tumbatu ng'ambo ya maji, samaki hunadiwa pale pale, na kabla jua halijapanda kila mtu ameshajua nani kapata na nani kakosa. Mama yangu amekaanga samaki karibu na diko hilo kwa miaka mingi. Kwa samaki hao nilisoma, mpaka nikapata kazi ya ualimu mjini.

Siku moja ya mwaka 2019 nilikwenda kumtazama. Nilimkuta kalikabili karai la mafuta, kanga imemteleza kichwani, anacheka kwa neno aliloambiwa na mchuuzi mwenzake. Nikatoa simu nikapiga. Ilikuwa picha nzuri, wala sioni haya kusema hivyo. Jioni, ndani ya gari ya kurudi mjini, nikaiweka Instagram na kuandika chini yake kwamba huyu ndiye aliyenisomesha. Watu wakaipenda, nami nikalala na furaha yangu.

Miaka mitatu baadaye mwalimu mwenzangu aliniletea simu yake skuli. "Huyu si mama?" akaniuliza. Ilikuwa picha ile ile, safari hii ndani ya tangazo la kampuni moja ya kutembeza wageni. Jina langu halimo, la mama halimo. Yaliyokuwamo ni maneno ya kuwaita watalii waje kuiona Zanzibar ya kweli, na bei ya safari ya siku moja.

Nilipandwa na hasira. Niliwaandikia, wakanijibu kwa ufupi kwamba picha ilikuwa hadharani na kila mtu alikuwa akiiona. Ndugu msomaji, hoja hiyo ni dhaifu. Embe likiangukia njiani bado mwembe una mwenyewe. Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na picha ni kazi ya aliyeipiga kama shairi lilivyo kazi ya aliyelitunga. Nilipowatajia sheria hiyo, waliiondoa kimya kimya bila ya kuomba radhi.

Hasira ile ilinifanya nikasome masharti ya Instagram, yale ambayo sote huyakubali kwa kidole bila ya kuyatazama. Nilidhani nitakuta wameichukua picha yangu. Sivyo. Wanasema wazi kwamba mali inabaki yako, ila wewe unawapa ruhusa ya kuitumia: bila malipo, dunia nzima, na ruhusa hiyo wanaweza kuwahamishia wengine. Ni kama mtu akwambie shamba ni lako na hati ni yako, lakini umeshatia saini kwamba yeye atapita, atachuma, na anaweza kumpa mwingine njia. Desemba 2012 kampuni hiyo ilitangaza masharti ambayo watu waliyafahamu kuwa picha zao zingeweza kuuzwa kwa ajili ya matangazo. Kelele zilikuwa kubwa, na mmoja wa waanzilishi wake, Kevin Systrom, akatangaza kwamba maneno yale yataondolewa. Ile ruhusa pana, hata hivyo, ilibaki.

Basi nikapanda gari kwenda Mkokotoni kumpa mama habari ya ushindi wangu. Nilimsimulia yote, kampuni, barua na sheria. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hebu nione hiyo picha."

Aliitazama kwa muda. Hakuuliza habari ya kampuni. Aliuliza, "Kichwa wazi hivi, wameniona watu wangapi?"

Nikamwambia sijui, pengine maelfu.

"Na waliochukua kwako ulikasirika kwa kuwa hawakukuuliza."

"Naam, mama."

"Na wewe, mwanangu, uliniuliza lini?"

Sikuwa na jibu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na bahasha aliyoitoa sandukuni. Ndani yake mlikuwa na picha yake ya usichana, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa katika studio mjini kabla hajaolewa. Picha ile nilikuwa nimeiona mara mbili tu maishani. "Siku hii nilikoga, nikavaa, nikalipa," akasema. "Mpiga picha aliniambia niinue kidevu, nikainua. Na tangu siku hiyo, anayeiona ni yule niliyemtolea mimi."

Ningeweza kumbishia. Zamani mteja wa studio alichukua karatasi tu, na filamu yenyewe ikabaki kwa mpiga picha. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ilihifadhi sura nyingi za Unguja kwa njia hiyo, na wageni wakanunua nakala zake. Kabla ya hapo zilikuwako kadi za posta. Wanawake wa pwani walipigwa picha, kadi zikasafiri hadi Ulaya, na chini yake mara nyingi hukuti jina la mtu bali kabila au kazi. Nilipoikumbuka hiyo nilinyamaza, maana nami chini ya picha yangu sikuandika jina la mama. Niliandika habari zangu.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba picha ya mtu ina haki mbili, ya mwenye kamera na ya mwenye sura. Hakimiliki humlinda zaidi yule wa kwanza. Wa pili ameanza kukumbukwa juzi tu. Kenya walitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliitoza faini mgahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na skuli moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni hatua njema. Lakini sioni sheria itakayoingia jikoni baina ya mama na mwanawe na kuuliza nani alimwomba nani ruhusa. Hapo pana adabu tu, na mimi niliyesomeshwa ndiye niliyeikosa.

Niliifuta picha ile siku hiyo hiyo. Nilichokifuta ni nakala yangu. Waliokwisha kuichukua wanayo, na ruhusa niliyoitoa kwa kidole siwezi kuikusanya tena ikatimia, kama maji yaliyomwagika mchangani.

Mwezi uliofuata nilikwenda tena dikoni, simu ikiwa mfukoni. Mama akanitazama, akajifuta mikono, akafunga kanga yake vizuri, akakaa. "Haya, piga," akasema. Nikapiga. Nikaisafisha mjini kwa karatasi na kumpelekea, naye akaitia ndani ya bahasha pamoja na ile ya usichana.

"Naweza kumwonyesha mtu?" nikamuuliza.

Akafikiri kidogo. "Mpelekee mama yako mdogo Maskati. Wengine waje waniulize mimi."